Bibi Gladys West na Vipimo vya Dunia



Wiki iliyopita alikuja dukani kwetu biharusi kupimwa gauni la nikaha. Yuko chuo, mwaka wa mwisho, anasomea kompyuta. Tuko kwenye mabega akatuuliza, "Hivi dada, nikishaolewa hesabu zangu hizi zitanifaa nini?" Shangazi yake akawahi kujibu kwamba kazi hizo ni za wanaume, na bwana harusi mwenyewe ana kazi nzuri Muscat. Sisi tulinyamaza, mdomoni tulikuwa na pini. Jibu letu tunaliandika leo.

Gladys Mae Brown alizaliwa mwaka 1930 kijijini Sutherland, jimbo la Virginia, Marekani. Wazee wake walikuwa watu weusi wenye shamba dogo, na mama yake alifanya kazi pia kwenye kiwanda cha tumbaku. Mtoto alikuwa akienda shamba na hapendi. Skuli yao ilitoa nafasi ya kusomeshwa bure chuoni kwa wanafunzi wawili wa juu kabisa, naye akahakikisha yumo. Akachukua hesabu Virginia State College, akafundisha kidogo, akarudi kwa shahada ya pili.

Mwaka 1956 akaajiriwa Dahlgren, kituo cha utafiti wa silaha cha jeshi la majini la Marekani. Wakati huo Virginia bado ilikuwa inawatenga weusi na weupe kwa sheria. Kituo kizima kilikuwa na wataalamu weusi wanne tu pamoja naye, na yeye alikuwa mwanamke mweusi wa pili kuajiriwa pale. Kompyuta zenyewe zilijaza chumba. Kazi yake ilikuwa kuziandikia programu, kisha kuhakiki majibu kwa mkono, maana mashine ukiiamrisha vibaya hukosea kwa kasi ile ile inayopatia.

Sasa hapa ndipo sisi mafundi cherehani tunapomuelewa. Watu husema dunia ni duara kama chungwa. Si hivyo. Imetuna kiunoni na imebanwa kichwani na miguuni: nusu kipenyo chake kwenye Ikweta kinazidi kile cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Tena mvuto wake haulingani kila mahali, kwa hiyo hata bahari haikukaa sawa. Bahari yetu ya Hindi, kule kusini ya Sri Lanka, imebonyea zaidi ya mita 100 ukilinganisha na umbo laini la kukadiria. Yaani dunia ni kama mteja mwenye bega moja limeshuka. Ukimkatia kwa vipimo vya kubuni, gauni litamvuta siku ya harusi.

Bibi Gladys alikuwa miongoni mwa waliochukua vipimo hivyo. Mwaka 1978 ilirushwa setilaiti ya Seasat, naye akawa msimamizi wa mradi wa kuchambua taarifa zake. Setilaiti ilipiga mawimbi ya rada baharini na kuhesabu muda wa kurudi, na katika muda huo ukapatikana urefu wa uso wa maji. Ilikufa baada ya miezi mitatu na siku chache, lakini taarifa zilikuwa zimeshapatikana. Ikafuata Geosat mwaka 1985. Katika hesabu za namna hiyo likapatikana umbo halisi la dunia, ambalo bila yake GPS isingekuwa sahihi kiasi hiki. Mitandaoni wanasema ameibuni peke yake. Si kweli, walikuwa wengi, na sifa yake haihitaji kuongezwa chumvi.

Wala hatufichi kwamba jeshi halikupima bahari kwa ajili ya lokesheni ya harusi. Kombora linalotoka kwenye nyambizi nalo linahitaji kujua mvuto wa dunia ili lifike linakotumwa. Jambo hilo linatukera, na hatuna maneno ya kulipamba. Lakini hesabu ile ile leo inamrudisha mvuvi nyumbani usiku, na inamuonyesha msafiri kibla. Hapa kwetu Unguja kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Biharusi wetu akifika Muscat atageukia magharibi, na simu yake itamuonyesha.

Turudi kwenye ndoa, maana najua shangazi anasoma. Gladys aliolewa mwaka 1957 na Ira West, mwanahesabu mwenzake pale pale Dahlgren. Wakapata watoto watatu. Hakuacha kazi. Alikaa miaka 42, akastaafu mwaka 1998, kisha akapatwa na kiharusi. Alipopata nafuu akamalizia shahada ya udaktari, mwaka 2000, akiwa na miaka 70. Watu wengi hawakumjua mpaka mwaka 2018, alipoandika maelezo mafupi ya maisha yake kwa ajili ya chama cha wanawake wasomi alichokuwamo, mwenzake mmoja akashituka. Mwaka huo huo Jeshi la Anga la Marekani likamuenzi. Sisi tulioishia kidato cha nne kwa kuikimbia hesabu, halafu tukaikuta kwenye darasa la ushonaji inatusubiri na futi mkononi, tulisoma habari zake mara mbili.

Aliwahi kuulizwa kama akisafiri anatumia GPS. Akasema anapenda zaidi ramani ya karatasi.

Biharusi anarudi Alhamisi inshallah kujaribu gauni. Mkono wa kushoto bado haujakaa, na shangazi tumemwekea kiti.