Kuongeza Memori kwenye Kompyuta Mpakato za Zamani

Memori za kompyuta mpakato zilibadilika haraka: DDR2 ilitoka 2003, DDR3 ikafuata 2007, na pengo la ukingoni mwa kipande cha memori likahamishwa ili kisiingie pasipo pake. Hata kilichoingia kiliweza kugoma. Mashine nyingi za kuanzia 2013 zilidai DDR3L ya volti 1.35; zikiwekewa ya volti 1.5, kioo kilibaki cheusi na mwenye mali akadhani ameiua. Matoleo ya kawaida ya Windows ya biti 32 nayo hayakuvuka GB 4. Mafundi walisugua meno ya kipande kwa kifutio, wakajaribu kimoja kimoja, kisha wakaendesha Memtest86, programu ya kupima memori aliyoiandika Chris Brady mwaka 1994. Utaratibu huo ungali unafaa.