Mapafu ya Likasi: Mgodi na Sigara

Likasi, mji wa Kongo ulioitwa Jadotville kuanzia 1931 hadi 1966, ulijengwa na shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliweka mtambo wa kuchambua mawe huko Panda na kiwanda cha kusafisha shaba kwa tindikali na umeme huko Shituru. Historia hiyo husimuliwa kwa tani, lakini ilipita pia katika vifua vya watu. Miaka ya mwanzo, nimonia ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua wafanyakazi wengi kambini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaruhusu kuishi na wake na watoto, ikaboresha chakula na matibabu, maana kwa kila aliyekufa ilibidi atafutwe wa kuziba pengo lake.

Kilichoharibika vifuani kinaeleweka. Njia za hewa huishia kwenye mamilioni ya vifuko vidogo, vyenye kuta nyembamba sana. Hapo oksijeni huingia kwenye damu na hewa chafu hutoka. Ute na vinyweleo husukuma vumbi hadi kooni likatemwa. Vumbi laini la silika, litokalo kwenye mawe ya mgodini, hupenya ulinzi huo, likaacha makovu. Sigara hulemaza vinyweleo hivyo, hubomoa kuta za vifuko, na monoksidi ya kaboni iliyomo katika moshi wake hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, kulikotoka urani nyingi ya bomu la Hiroshima, urani huzaa gesi ya radoni. Utafiti kwa wachimbaji wa urani wa Marekani umeonyesha kuwa radoni na sigara zikikutana, hatari ya saratani ya mapafu huzidi sana ile ya kila moja peke yake.

Wapo watakaosema kuitaja sigara ni kuisafisha kampuni. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mwajiri hupenda kumtwika mgonjwa lawama. Lakini ikiwa sigara huzuia kifua kujisafisha, basi anayevuta hudhurika zaidi na vumbi lile lile, na wajibu wa aliyelitimua haupungui hata chembe. Wengine watataja wazee waliovuta miaka yote wakafika uzeeni. Hao tunawaona kwa sababu walibaki, ilhali wenzao wamo makaburini. Kwa hiyo daktari wa Likasi amuulize mgonjwa maswali yote mawili: ulifanya kazi wapi, na unavuta? Jibu la kwanza litunzwe kama ushahidi wa kudai haki. La pili lifungue mlango wa kuacha sigara leo, kwa sababu makovu ya silika hayafutiki, lakini madhara ya moshi yanaweza kusimamishwa.