Mama wa Watoto Asiowazaa

Katika vijiji vyetu mwanamke akikaa miaka miwili mitatu bila mtoto, maneno huanza. Wakwe huuliza, majirani hunong'ona, na mume hushauriwa aoe mwingine. Tumezoea kufikiri ya kuwa huzuni hiyo ni ya kwetu tu. Sivyo. Leo twawasimulia habari za mwanamke wa Marekani aliyeonja uchungu uo huo, akauchukua pamoja naye mpaka katika kazi yake.

Edna alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Milwaukee, upande wa kaskazini. Akiwa msichana alikwenda kukaa kwa ndugu zake huko Fort Worth, katika jimbo la Texas, na mwaka 1906 akaolewa na Bwana Sam Gladney, mfanyabiashara wa unga. Wakasafiri mpaka Havana, katika kisiwa cha Kuba, kwa fungate yao. Huko mimba yake ya kwanza ikaharibika, kwa maana haikukaa mahali pake. Mimba ya namna hiyo hushika nje ya tumbo la uzazi, mara nyingi katika mrija mwembamba ambamo yai hupita. Mtoto hawezi kukua hapo. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani, na mama yu karibu kufa. Siku zile penisilini ilikuwa bado haijajulikana. Edna alipona, lakini hakuweza kuzaa tena. Alipoolewa alikuwa hajatimiza hata miaka 21.

Baadaye wakahamia Sherman, mji mdogo wa Texas, Sam akasaga ngano huko. Edna, nyumba yake kimya, akaingia chama cha wanawake waliotunza usafi wa mji. Walikagua mabucha na vyoo vya watu wote. Kazi ya namna hiyo haina sifa, nasi twajua ni wachache wanaoitaka! Lakini ndiyo iliyowafikisha siku moja kwenye shamba la maskini la wilaya ya Grayson. Hapo walitupwa pamoja wazee wasio na ndugu, wenye kichaa, vilema, na watoto yatima katikati yao. Wanawake wakawaendea wakuu wa wilaya, na maneno yakawa makali. Kisha walikwenda kusafisha mahali pale kwa mikono yao wenyewe. Edna akafanya mpango watoto wapelekwe Fort Worth, katika nyumba ya watoto iliyoanzishwa na mchungaji Morris.

Ndivyo alivyoanza, bila cheti cha shule yoyote ya kazi hiyo. Alikwenda New York na Chicago kutazama jinsi wengine walivyosaidia maskini wa mijini. Mwaka 1917 akafungua Sherman nyumba ya kutunza bure watoto ambao mama zao walikwenda kazini. Fedha zilitoka katika visanduku vilivyowekwa madukani.

Mwaka 1921 Sam alipoteza mali yake, wakarudi Fort Worth. Mwaka 1927 Edna akawa msimamizi wa nyumba ile ile ya Morris, na mwaka 1935 akabaki mjane.

Siku zile, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliandikiwa hivyo katika cheti chake cha kuzaliwa. Akitafuta kazi, akitaka kuoa, neno lile lilimtangulia mlangoni. Mtoto alikuwa na kosa gani? Bibi Edna aliwasumbua watunga sheria mpaka mwaka 1936 wakakubali neno lile liondolewe katika vyeti vya watoto waliopata wazazi wapya.

Hata hivyo tusifiche upande wa pili. Mtoto aliyeleta furaha katika nyumba moja alikuwa ametoka mikononi mwa mama mwingine, mara nyingi msichana aliyejificha kwa aibu. Twaona machozi ya huyo yalihesabiwa kidogo mno. Tena sheria ya Texas ilikataza mzungu kumfanya mtoto mweusi kuwa wake, au mweusi mtoto mzungu. Mahakama iliitangua mwaka 1967 tu.

Mwaka 1941 habari za Bibi Edna zilitolewa katika sinema, naye Greer Garson akaigiza kama yeye. Wenye sinema walimpa mtoto wa kiume anayekufa angali mdogo, mtoto ambaye Bibi Edna hakuwa naye kamwe. Labda waliona watu hawataamini kwamba mwanamke aweza kuwapenda watoto hivi bila kuzaa hata mmoja.

Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1950 nyumba yake ilinunua hospitali ya wazazi, na mwaka 1951 sheria ikampa mtoto wa kulelewa haki ya urithi sawa na mtoto wa kuzaliwa. Alifariki Fort Worth tarehe 2 Oktoba 1961, mwenye miaka 75. Watoto waliopata wazazi kwa mikono yake huhesabiwa kuwa zaidi ya 10,000.