Barafu za mbwa: unavyotengeneza nyumbani, na kwa nini ya ukwaju hapana

Leo naleta mada ambayo najua kuna watakaocheka kabla hawajamaliza mstari wa pili. Ila nimeulizwa sana tangu joto lianze, nikaona bora niandike yote mahali pamoja ili mtu awe anarudi kusoma akihitaji. Mada ni barafu za mbwa. Ndiyo, mbwa!

Najua maoni ya kwanza yatakayotua hapo chini: "watu wenyewe hawana hela ya barafu, wewe unamtengenezea mbwa?" Ndugu yangu, subiri kwanza. Hii kitu inatoka kwenye mifupa ambayo ulikuwa uitupe na kipande cha tikiti kilichobaki. Na tena si mapenzi ya kizungu. Mbwa wengi wa hapa Dar ni walinzi. Anafunguliwa usiku kulinda, mchana kutwa yuko bandani, na banda lenyewe limeezekwa bati. Januari na Februari nje ni nyuzi 32 au 33, humo ndani sijui tuseme nini.

Halafu mbwa hana jasho kama letu. Vitezi vyake vya jasho viko kwenye nyayo, na kazi yake ni ndogo sana. Anachotegemea ni kuhema ulimi ukiwa nje, mate yakikauka yanaondoka na joto. Sasa hewa ya pwani imejaa unyevu, mate hayakauki upesi, kwa hiyo anahema na kuhema na joto linabaki humo humo. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 huyo yuko kwenye hatari ya kufa.

Kitu cha baridi cha kulamba mchana kinamsaidia mbwa mzima, mwenye kivuli na maji. Ila barafu ya mbwa si ile ya mtoto, na hapo ndipo wengi hawajui. Unaona mtoto anakula barafu, mbwa anamtazama kwa huruma, unamkatia kipande. Inategemea ni barafu ya nini!

Tuanze na ukwaju maana ndio unaotuhusu zaidi. Madaktari wa mifugo walijua kwa miaka mingi kwamba zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Kilichowachanganya ni kwamba mbwa mmoja anakula chache anaumwa sana, mwingine anakula nyingi hapati kitu. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA huko Marekani wakaandika kwamba wamepata fununu. Kuna mbwa alikula ule unga wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani, ndani yake kuna krimu ya tartari, ile poda ya waokaji. Figo zikaharibika vilevile kama za mbwa aliyekula zabibu. Mwaka 2022 ikatoka makala yao nyingine, safari hii wakiwa wameongeza mbwa waliokula ukwaju. Kinachounganisha vyote vitatu ni asidi ya tartari, na kiasi chake kwenye zabibu hubadilika kufuatana na aina na kuiva kwake, ndiyo maana mmoja anapona mwingine hapana. Ukwaju una asidi hiyo kwa wingi, ndiyo ule uchachu wenyewe tunaoupenda.

Kwa hiyo barafu ya ukwaju, juisi ya ukwaju, na zabibu zile tamu za Dodoma, mbwa asiguse. Hakuna kiwango ambacho mtu amethibitisha kuwa ni salama. Akila, dalili ya kwanza huwa kutapika, mara nyingi ndani ya siku moja, kisha anaacha kula, na figo zinafuata. Usingoje zifuate, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ya ubuyu nayo iache, imejaa sukari na rangi, haina faida yoyote kwake.

Adui wa pili yuko kwenye sufuria yako: kitunguu. Maji na saumu, mbichi au vilivyopikwa, hata vile vya unga ndani ya viungo vya paketi. Vinapasua chembe nyekundu za damu, na ubaya wake ni kwamba mbwa anaonekana mzima, anakuja kulegea baada ya siku kadhaa na wewe umeshasahau alikula nini. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili zimeshaleta madhara. Mbwa wa kilo 10, hesabu mwenyewe, ni gramu 150, kitunguu kimoja kikubwa. Kwa hiyo ule mchuzi uliobaki mezani si wa kugandisha. Supu ya mbwa inachotwa kabla kitunguu, chumvi na pilipili havijaingia. Mwambie anayepika mapema, akishaunga basi imeshindikana.

Sasa tupike. Nusu kilo ya mifupa ya ng'ombe yenye nyama kidogo, maji lita 2, hakuna kingine. Chemsha kama saa 2, chuja. Mifupa iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo. Nyambua ile nyama iliyobaki. Supu ikipoa iweke kwenye friji mpaka mafuta yagande juu, yaondoe yote, maana mafuta mengi yanaweza kumletea ugonjwa wa kongosho. Ongeza nyama uliyonyambua, karoti au boga lililochemshwa likapondwa. Mimina kwenye vikopo vya mtindi vilivyooshwa, usijaze, kimo cha vidole viwili kinatosha. Saa 5 au 6 kwenye friza zimeganda.

Ukitaka ya samaki, chemsha vichwa, chuja kwa kitambaa ili mwiba usipite. Dagaa wa Zanzibar wale wanaochemshwa na chumvi achana nao.

Ya matunda ni rahisi zaidi. Tikiti maji toa mbegu na ganda, ponda, gandisha. Kama sehemu 92 kwa 100 za tikiti ni maji, hapo umempa kinywaji. Papai bila mbegu, embe bila kokwa (kokwa likikwama tumboni ni upasuaji), ndizi mbivu iliyopondwa ndani ya mtindi usio na sukari. Nasema mtindi na si maziwa fresh kwa sababu mbwa wakubwa wengi sukari ya maziwa inawaharisha, na kwenye mtindi imepungua.

Siagi ya karanga wanaipenda kupita maelezo. Tomi wa nyumbani kwetu akisikia kopo linafunguliwa hata kama ni la kahawa anakuja. Kijiko kimoja ndani ya mtindi kinatosha. Lakini soma kopo! Kuna za kutoka nje zinatiwa zailitoli badala ya sukari, kwenye kopo inaandikwa xylitol au E967, na iko pia kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari. Kwa binadamu haina shida. Kwa mbwa inashusha sukari ya damu, wakati mwingine ndani ya nusu saa, anayumba, anadondoka, na ikizidi inaua ini. Kama unasaga karanga mwenyewe, zile zenye ukungu tupa, usiseme "za mbwa hizo". Mbwa ni dhaifu sana kwa sumukuvu, na hii sumukuvu si mchezo hata kwetu: Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Chokoleti nayo usitie kabisa, hasa ile nyeusi.

Kumpa nako kuna utaratibu. Usimtupie donge gumu kama jiwe alitafune, mbwa wanapasuka magego kwa namna hiyo. Toa friza, acha dakika 5 au 10, bonyeza kwa ukucha, ukiingia kidogo iko tayari. Mbwa mkubwa mpe donge kubwa la kulamba, lile dogo anameza lote na linaweza kumkaba. Usigandishie kwenye vile vifuko vya barafu za mitaani kisha ukampa na kifuko, atameza nailoni. Vijiti pia hapana. Kiasi chake, vitu vya ziada vyote kwa siku visizidi sehemu 1 ya 10 ya chakula chake, kwa hiyo barafu moja mchana inatosha. Na kwanza maji safi yawepo, barafu haichukui nafasi ya maji.

Hapa niseme kitu kuhusu friji, maana wengi tunaishi nyumba za kupanga na friji ni la wote au la mama mwenye nyumba. Kuna majirani Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na hata asiye Mwislamu hapendi kukuta bakuli la mbwa juu ya samaki wake. Fanya hivi: kikopo kinachoingia friza kisiguswe na mbwa hata mara moja. Donge unalitoa unalitia kwenye bakuli lake huko nje, kikopo kinarudi jikoni kisafi. Kiwe na mfuniko na alama. Omba ruhusa kwanza, ukieleza hivyo watu wanaelewa. Umeme ukikatika zikayeyuka zikakaa saa nyingi, mwaga, usigandishe upya. Friza haiui vijidudu, inavilaza tu.

Kuna ile habari inayozunguka mtandaoni miaka na miaka kwamba maji ya barafu yanamuua mbwa, yanamkaza tumbo. Madaktari wa mifugo wameshaikanusha sana. Tumbo kuvimba kunatokea zaidi kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na kula au kunywa mengi kwa pupa kunahusishwa nako. Tatizo si baridi.

Ila barafu haimtibu mbwa aliyekwisha zidiwa na joto, na hili naomba mlishike. Ukiona anahema kwa nguvu bila kupumzika, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba, anatapika au ameanguka, usimtie barafu mdomoni, atakabwa. Mvute kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, tumbo na mapaja pia, endelea kumwaga huku unampepea kwa feni au hata kwa kipande cha boksi. Usimfunike kwa taulo bichi ukaliacha, linafungia joto ndani. Kama anaweza kunywa mwenyewe, mpe kidogo kidogo. Ushauri wa sasa ni kupoza kwanza, safari baadaye, usimpakie kwenye bajaji akiwa bado anawaka. Akishapoa kidogo ndiyo mbio kwa daktari wa mifugo, hata kama amesimama na anatingisha mkia, maana figo na ini vinaweza kugoma siku inayofuata. Mbwa wa pua fupi, wazee na wanene ndio wanaowahi kuzidiwa.

Na hilo banda, jamani, weka makuti juu ya bati au lihamishie chini ya mwembe. Hapo hulipii umeme wala friji.

Haya wadau, nyie huko kwenu mnawagandishia nini? Wa Tanga, Mombasa, Unguja, hata mlioko Muscat, tupieni maoni. Na kama kuna daktari wa mifugo anapita hapa, asione haya kuongeza.