Rangi, Homa na Ini: Historia Fupi ya Ugonjwa na Majina Yake

Maradhi mengi yalipewa majina kabla sababu zake hazijajulikana. Na jina likishazoeleka, huendelea kuwaongoza watu hata baada ya elimu kuwatangulia. Katika makala haya nakusudia kuonyesha jinsi ugonjwa wa ini uletwao na virusi ulivyofichwa na majina, na kwamba hatari hiyo ingalipo katika lugha yetu.

Watu wa kale waliona kwanza rangi. Neno safura tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako lahusu umanjano na nyongo; kwetu likahama, likawa jina la upungufu wa damu uletwao na minyoo. Wazungu nao hawakuepuka rangi. Mwaka 1819 tabibu Mfaransa, René Laennec, aliliita ini lililosinyaa na kujaa vinundu sirosisi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya manjano. Jina hilo lilieleza sura ya ini, wala halikutaja chanzo. Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa pombe, ambayo kweli hudhuru ini, ila si peke yake.

Dalili ya chanzo kingine ilionekana Bremen, Ujerumani, mwaka 1883. Wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha meli walichanjwa ndui kwa majimaji yaliyotolewa katika miili ya watu, na 191 kati yao wakageuka manjano. Mwaka 1942 jambo hilo likarudi kwa ukubwa zaidi. Askari wa Marekani walichanjwa ili kujikinga na homa ya manjano, na chanjo ile ilikuwa imetiwa maji ya damu ya binadamu. Wapatao 50,000 walilazwa hospitali, nao walikuwa na umanjano, lakini si homa ya manjano. Mwaka 1987 uchunguzi wa damu ya askari hao ulithibitisha kwamba waliambukizwa virusi vya aina B.

Baada ya mwaka 1942, F. O. MacCallum alitenga aina A na B mwaka 1947; Baruch Blumberg na wenzake wakatangaza mwaka 1965 alama katika damu ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni ya virusi vya B; na virusi vya C vikatambuliwa mwaka 1989. Ndipo ilipofahamika vema kwamba B na C huweza kukaa katika ini miaka ishirini au thelathini, vikilichoma kidogo kidogo. Nyama nzima hufa, kovu huchukua mahali pake, ini hukakamaa, damu hukosa njia, tumbo hujaa maji, na mara nyingine saratani hufuata.

Hapa ndipo jina linapodhuru. Twasema homa ya ini. Lakini wengi wenye virusi hivi hawana homa wala umanjano. Katika kila watoto wachanga kumi walioambukizwa B, tisa hivi hubaki nayo maisha, na kwa kawaida hawaonyeshi dalili yoyote. Watu wazima wengi huishinda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na aina B. Mtu aliyeambiwa ana homa ya ini, akijigusa paji la uso akaliona baridi, aweza kudhani amepona, asirudi kupimwa, wala asimpeleke mwanawe kuchanjwa.

Sisemi tulitupe jina hilo, kwa maana limekwisha kuenea. Nasema kwamba yafaa watunga kamusi waongeze katika maelezo yake kuwa ugonjwa huu huweza kukaa bila homa. Tena, kusinyaa kwa ini ni jina linalostahili kupewa nafasi mbele ya sirosisi, maana lataja tendo lenyewe, na mgonjwa hulielewa bila mkalimani.