Chama cha Uhuru cha Austria na Sera za Ustawi wa Jamii na Afya, 2017–2019

Makala haya yanachunguza namna Chama cha Uhuru cha Austria (FPÖ), kilichokuwa mshirika mdogo katika serikali ya mseto kuanzia Desemba 2017 hadi Mei 2019, kilivyoathiri sera za ustawi wa jamii na afya ya umma. Chama hicho cha mrengo mkali wa kulia kilijinadi kuwa mtetezi wa wenyeji wa kipato cha chini. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hatua zake zilizovuma zaidi zilitenguliwa, ilhali badiliko la kimuundo lililopunguza nguvu ya wafanyakazi hao lilidumu.

Hatua ya kwanza ilihusu tumbaku. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha marufuku kamili ya uvutaji sigara migahawani na baani, ianze Mei 2018. FPÖ, chini ya Heinz-Christian Strache, kiliipinga kwa jina la uhuru wa mteja na mwenye mgahawa, na Machi 2018 Bunge likaifuta kabla haijaanza kutumika. Ombi la wananchi la kuitetea lilitiwa sahihi zaidi ya 880,000. Mseto ulipovunjika, Bunge liliirejesha, nayo ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Novemba 2019.

Hatua ya pili ilihusu posho ya familia. Kuanzia Januari 2019, wafanyakazi ambao watoto wao waliishi katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya walilipwa kulingana na gharama za maisha za huko. Miongoni mwa walioathirika walikuwa wanawake kutoka Slovakia na Romania waliowatunza wazee wa Austria majumbani. Juni 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa utaratibu huo ulikiuka sheria, kwa kuwa wafanyakazi hao walichangia mfumo sawa na wenyeji.

Hatua ya tatu haikuvuma kiasi hicho nje ya nchi. Sheria ya Desemba 2018 iliunganisha taasisi 21 za bima ya jamii zikawa 5. Katika mifuko ya afya ya majimbo, wawakilishi wa wafanyakazi walikuwa wengi. Katika mfuko mpya wa taifa, waajiri walipewa nafasi sawa nao. Mageuzi hayo yalitakwa pia na chama kikuu cha ÖVP, hivyo hayawezi kuhesabiwa kuwa ya FPÖ pekee. Hata hivyo, wizara iliyoyasimamia ilikuwa mikononi mwa FPÖ. Desemba 2019, Mahakama ya Katiba iliidhinisha kiini chake.

Kwa jumla, athari ya vyama hivi haipaswi kupimwa kwa kauli dhidi ya wageni pekee. Mahakama na Bunge viliweza kurejesha posho na marufuku; viti vya wafanyakazi katika bodi za bima havikurejea. Aliyeahidiwa kulindwa ndiye aliyepoteza kwa muda mrefu zaidi.