Matuta ya Usambara: Udongo Ulionekana, Watu Hawakuonekana

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, wilayani Lushoto. Maofisa wake walitazama miteremko wakaona udongo unaomomonyoka, na katika hilo hawakukosea. Wasichokiona ni namna Washambaa walivyoishi pamoja juu ya udongo huo.

Kishambaa kina maneno mawili yanayofaa kukumbukwa hapa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi haikuponywa kwa jembe peke yake. Ilipona pale mamlaka yalipotulia, mvua ikanyesha na jirani akamfaa jirani. Iliharibika wakubwa waliposhindana. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi waligombania enzi. Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alijiimarisha kwa bunduki, na watu wengi waliuzwa utumwani. Kumbukumbu ya miaka ile ndiyo iliyoyapa maneno hayo uzito.

Kwa hiyo mwaka 1950, mradi ulipotandazwa Usambara nzima na kaya zikaamriwa kulima matuta, wakulima hawakuupima kwa kigezo cha udongo pekee. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, ambao ndio waliolima chakula cha nyumbani. Zaidi ya hayo, desturi ilimruhusu mwenye shamba dogo kuazima kipande kwa ndugu au jirani mwenye ziada. Sasa ni nani angeazima ardhi yake, ikiwa aliyeitolea jasho la kujenga matuta angeweza kesho kudai kuwa ni yake? Amri iliyokusudiwa kuokoa udongo ilitishia kukata uzi uliowashikilia maskini wakati wa njaa.

Waliokaidi walitozwa faini. Upinzani haukuzimika; ulikutana na harakati za TANU, na mradi ukavunjika kabla muongo haujaisha. Wapo waliohitimisha kuwa mkulima ni mbishi na hajui thamani ya ardhi yake. Hitimisho hilo lilikuwa rahisi, nalo halikuwa kweli.

Mwaka 1981 Tanzania na Ujerumani zilianzisha Lushoto mradi mwingine wa hifadhi ya udongo, SECAP. Huu ulihimiza kupanda majani na miti kwa kufuata kontua, na majani hayo yakawa malisho ya ng'ombe wafugwao zizini. Mteremko ulikuwa uleule, lakini mara hii mkulima aliona faida irudiyo nyumbani kwake.

Watumishi wa umma wanaoandaa mipango ya mazingira leo hupima mvua, mteremko na rutuba. Wapime pia nani hulima kwa nani, nani humwazima nani, na kazi mpya itamwangukia nani. Maswali hayo yangeulizwa Mlalo mwaka 1946, pengine matuta yangekuwa ya wananchi wenyewe.